Kijani, Nimeona

Programu zilikuwa tatu, na Maziwa alikuwa ameikataa ya kwanza kabla chai haijapoa.

"Hii ni katuni," alisema, akaisukuma kibodi kando. "Treni gani inasimama kama baiskeli? Treni ina uzito, mwanangu. Ukishika breki hapa, inasimama kule. Hii umeshika hapa, imesimama hapa hapa. Wape watoto wa chekechea wacheze."

"Lakini picha zake nzuri, Baba," alisema binti yake.

"Uzuri wa mkakasi."

Mkewe, aliyekuwa dirishani na cherehani yake, alicheka bila kuinua kichwa. Alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mumewe akiwemo. Sebule ile ilikuwa kiwanda chake kabla haijageuzwa kuwa reli. Tangu asubuhi meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa imebeba skrini pana, vishikio viwili vilivyokazwa kwa skrubu, kimoja cha mwendo na kimoja cha breki, na mbele yake kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu. Binti yao alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta, na vitu hivyo alivikusanya kimoja kimoja, vingine vya kupewa, vingine vya kung'ang'ania. Suruali za wateja zilikuwa zimehamia juu ya kabati zikisubiri zamu yao.

Yote hayo yalitokana na tangazo lililobandikwa ofisini kwa madereva. Kuanzia mwezi ujao treni ya abiria ya asubuhi itaendeshwa na dereva peke yake, bila msaidizi, na kila dereva atapimwa kwanza chuoni, ndani ya chumba chenye mashine inayoigiza treni. Maziwa hakuwa dereva wa jana. Jina lenyewe alipewa na wenzake, kwa sababu abiria wa behewa la mwisho anaweza kushika kikombe cha maziwa na Maziwa akafunga breki pasimwagike tone. Fundi aliona kumpima mtu kama huyo ni kumpima samaki kama anajua maji. Lakini tangu tangazo libandikwe, mumewe alikuwa halali vizuri na chakula anakibakiza. Fundi akajisemea, ni kompyuta hizi. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wake alishakauka siku nyingi.

"Haya, ya pili," binti alisema. "Mimi hii ndiyo naipenda. Watu wanaozijua wanasema ndiyo inayofanana sana na ile ya chuoni. Haikusaidii kitu. Hakuna maandishi, hakuna mshale. Ni wewe, njia na taa."

Maziwa aliiendesha kipande kifupi, akakunja uso, akasogea mbele mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, kisha akaachia vishikio.

"Ina giza."

"Nimeiweka saa sita mchana, Baba."

"Kichwa kinaniuma. Weka nyingine."

Ya tatu ilikuwa inaongea. Kila taa ilipokaribia, sauti ya mwanamke ilisema kwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari: "Taa ya kijani mbele. Endelea." Au: "Taa nyekundu mbele. Simamisha treni." Maziwa akanyooka kwenye kiti cha basi. Mabega yakashuka, mikono ikatulia juu ya vishikio, na treni ikaenda kama inavyotakiwa kwenda.

"Hii hapa," alisema. "Hii ndiyo yenyewe. Lipa hii."

"Kwa hiyo umeoa tena," Fundi alisema.

"Na huyu hagombi."

Wote wakacheka isipokuwa binti. Alikuwa amemwangukia bosi wake mpaka akakubali wazijaribu zote tatu nyumbani, wachague moja, na fedha yake ikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara. Kwa fadhila hiyo bosi alikuwa anamfagilisha duka mbele ya wateja, yeye na cheti chake. Hakuwa amelisema hilo nyumbani. Alitaka tu baba yake afaulu.

"Baba, chuoni hakuna mtu wa kukuambia taa hii rangi gani. Ukizoea hii utakuwa unabebwa. Siku ya mtihani watakushusha mgongoni, utaanguka."

"Mimi ndiye dereva au wewe?"

Alisema kwa ukali. Cherehani ikanyamaza. Katika nyumba ile Maziwa alikuwa anampandishia sauti redio, paka na mwenye nyumba akiwa hayupo, lakini binti yake hajawahi. Binti akainamia kibodi, masikio yamemwiva, akawa anabonyeza kitu kisichohitaji kubonyezwa.

Fundi akaona moto huo auzime mapema.

"Basi tusigombane kwa ajili ya treni ya uongo," alisema, akachukua shati la mteja lililohitaji vifungo na kuvuta kigoda. "Turudishe ile ya kimya. Mimi nitakaa msaidizi. Nimewasikia wewe na mdogo wangu miaka yote mkiitana, hata mezani hamkomi."

Ilikuwa kweli. Msaidizi wa Maziwa kwenye treni alikuwa mdogo wake Fundi, na kazi yao ina desturi yake. Dereva akiona taa huita rangi yake kwa sauti. Msaidizi naye haitikii kwa kumfuata tu. Huangalia kwa macho yake mwenyewe ndipo aseme, nimeona. Taa moja, macho manne. Mashemeji hao walikuwa wameileta desturi hiyo mpaka kwenye chakula. Mmoja husema "Chumvi!" na mwingine huitikia "Chumvi, nimeona," ndipo kikopo kisogezwe, na Fundi huwauliza kama na yeye apige honi.

Maziwa alimtazama mkewe, kisha binti, kisha skrini. Hakuwa na pa kutokea.

"Sawa. Wewe ita, mimi niitikie."

"Si dereva ndiye anayeanza?"

"Mwanafunzi ndiye anayeita. Ndivyo tunavyofundishana siku hizi."

"Haya, mwalimu."

Treni ikaondoka. Taa kwenye programu ile zilikuwa za aina ile ile waliyofungiwa kwenye njia yao mwaka uliopita, tundu moja tu juu ya nguzo, ambalo huwaka kijani, njano au nyekundu. Zile za zamani zilikuwa na matundu matatu, kila rangi na nyumba yake.

"Kijani!" Fundi aliita.

"Kijani, nimeona."

"Njano!"

"Njano, nimeona," na mwendo ukapungua kwa ulaini ule uliompa jina. Binti akainua uso. Kumbe baba anaweza, mwenyewe tu ni mdeko. Fundi naye akanogewa. Aliita taa mbili tatu kwa madaha, huku uzi ukimsumbua kwenye tundu la sindano. Akaulamba, akainama kuutunga, na kwa ukingo wa jicho akaona nguzo nyingine inakuja na taa juu yake. Kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa, akaita, "Kijani!"

"Kijani, nimeona," Maziwa aliitikia, akasukuma kishikio cha mwendo mbele.

Uzi ukaingia. Fundi akainua macho.

Taa ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya kubahatisha. Nyekundu ya kuonekana na mtu aliyeko jikoni.

"Aa, nimekosea," alisema akicheka, "ni nye..."

Hakumaliza. Mumewe alikuwa anaitazama taa ile kwa macho makavu, uso umetulia, mkono uko kwenye mwendo. Hakushtuka, hakugusa breki, wala hakumgeukia kumwambia we Fundi, unaita nini. Wakapita chini ya taa. Njia ikapinda, na mbele yao likatokea behewa la mwisho la treni iliyosimama. Skrini ikatikisika, ikawa nyeusi. Kisha yakaja maandishi madogo meupe: Umepita taa nyekundu.

Nje mtu alikuwa anapita akiuza mifagio.

"Mama, umemponza Baba," binti alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Taa ilikuwa ya kijani," Maziwa alisema. "Mama yako kaita kijani."

"Mimi nilikuwa naangalia sindano," alisema Fundi. "Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Maziwa alinyanyuka kwenye kiti cha basi akaenda kusimama mlangoni, akaipa mgongo sebule nzima.

Fundi alikuwa bado ameshika sindano. Mambo yakaanza kujipanga kichwani bila yeye kuyaita. Siku alipomtuma uzi mwekundu akaleta wa rangi ya majani makavu, naye akamcheka, akasema wanaume wote ni vipofu wa nyuzi. Siku alipomuuliza kama nyanya zimeiva, akazibonyeza badala ya kuzitazama. Alikuwa amecheka mara zote. Mungu wangu, alikuwa amecheka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Binti yako yupo hapa, ni mtu mzima. Tangu lini?"

Jibu lilikuja kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa.

"Mwaka jana, mvua zilipoanza. Taa naiona, Fundi. Naiona vizuri, inawaka. Rangi ndiyo siioni. Imekuwa kama balbu ya chumbani. Zile za zamani nilikuwa najua kwa mahali, ya juu, ya kati, ya chini. Halafu wakaleta hizi za jicho moja."

"Na kipimo cha macho?"

"Bado zamu yangu haijafika."

"Na treni?"

"Treni naendesha."

"Na watu ndani?"

Binti alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Yeye mwenyewe alipanda treni ile mara nyingi, kwa kiburi, akiwaambia marafiki zake, anayetuendesha ni baba yangu.

Ndipo Fundi akapigwa na la pili, ambalo lilimuuma kuliko la kwanza. Katika chumba cha dereva wanakaa watu wawili tu. Kama huyu haoni, kuna anayemuonea.

"Mdogo wangu anajua," alisema.

Maziwa akainamisha kichwa.

Mdogo wake alikuja jua linapokwenda kuzama, baada ya kupigiwa simu na kuambiwa njoo, bila kuambiwa sababu. Aliingia na uso wake wa siku zote, uso wa mtu ambaye dada yake ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, dada."

Fundi hakuitikia. Tangu kijana huyo ajue kusema, shikamoo yake haijawahi kubaki hewani katika nyumba ile. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa kidogo, akisubiri marahaba kama mtu anayesubiri chenji yake, na haikuja. Akamtazama shemeji yake kwenye kochi, akaona skrini mezani, akaelewa.

"Mkiwa kazini," Fundi aliuliza, "nani anaita kwanza?"

"Dada..."

"Nimeuliza nani."

"Mimi."

"Desturi inasemaje?"

"Dereva. Lakini dada, macho yangu mazima. Mimi naita, yeye anafuata. Mikono ni yake, hakuna wa kumfikia kwa mikono. Mwaka mzima hakuna kilichoharibika. Hata kuku hatujakanyaga."

"Ukipiga chafya?"

"Nini?"

"Ukipiga chafya taa ikapita, nani anaita? Ukiinama kufunga kamba ya kiatu? Mimi leo nimeinamia sindano, mdogo wangu. Sindano tu. Tumeua treni nzima hapo mezani."

Mdogo wake akakaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti. Alipoongea tena hakumtazama dada yake.

"Nani aliniingiza reli? Si shemeji? Aliponiambia mara ya kwanza, nilidhani ni uchovu. Aliponiambia mara ya pili, tulikuwa tumeshasafiri miezi. Ningekwenda kumsema kwa nani? Nikimsema yeye, najisema na mimi."

"Ungeniambia mimi."

"Ungefanya nini, dada?"

Nyumba ile ilikuwa inasimama juu ya mshahara mmoja wenye nguvu na vijihela viwili vya kuokoteza, chake na cha binti. Je, angejua mwaka jana angefanya nini? Hakujua, na kutojua kule kulimtia hofu yake mwenyewe.

"Tulikuwa tunangoja kiinua mgongo tu," Maziwa alisema kutoka kwenye kochi. "Muda wangu haujabaki mrefu."

"Mnangoja vipi?" binti aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa tangu mchana. "Mwezi ujao mjomba anashuka. Utabaki peke yako."

Binti aliizima skrini, akamgeukia.

"Baba. Ulitaka kuendesha peke yako?"

"Ndiyo maana nikataka ile inayoongea," Maziwa alisema taratibu, kama anayeeleza jambo lenye akili. "Nilidhani nikiirudia rudia kila siku nitazoea. Mtihani una njia yake. Nikariri kila taa iko wapi, ipi huwa inafunga kwa nyekundu, saa ngapi. Njia yetu pia naijua kama kiganja changu."

"Ukijua iko wapi," Fundi aliuliza, "utajua ina rangi gani?"

Mdogo wake aligeuka kumtazama shemeji yake kwa mshangao wa kweli. Hilo hata yeye hakuwa amelijua. Alidhani mtihani utamkamata Maziwa, atolewe kwa heshima, mambo yaishe yenyewe. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kupanga kuupita bila kuona.

"Shemeji," alisema, "uliniambia utaacha."

"Ningeacha."

"Lini?"

Maziwa alitazama mikono yake. Mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kumpisha mjamzito njia, wa kurudisha chenji iliyozidi. Lakini woga ukikaa na mtu mwaka mzima humfundisha kusema uongo kwa sauti ya upole, na yeye alikuwa amejiambia uongo huo kila asubuhi mpaka ukawa sehemu ya sare yake.

"Kesho huendi," Fundi alisema.

"Nisipokwenda nitasema nini?"

"Utasema ukweli."

"Nikisema ukweli, mimi na mdogo wako tunafukuzwa pamoja."

Fundi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mume wake na damu yake, wamekaa sebuleni kwake kama watoto waliovunja kioo cha jirani, na yeye ndiye wa kuamua nani apigwe.

"Basi fukuzweni wote," alisema, "mje mnisaidie kushona vifungo." Akaingia chumbani, akafunga mlango, akalia huku ameziba mdomo kwa shati la mteja.

Asubuhi Maziwa alivaa sare. Fundi alipoiona, naye alivaa gauni lake la kwendea shughuli, akatoka naye. Mdogo wake alikuwa ameshafika stesheni, amesimama kando ya ofisi ya mkuu wa zamu, macho yamevimba.

Mkuu wa zamu alikuwa mtu mnene mwenye simu mbili na mafua.

"Shemeji, karibu," alimwambia Fundi. "Lakini kaa hapo nje kidogo, haya ni ya kazini."

Fundi akakaa kwenye benchi karibu na mlango, ambao haukufungika vizuri. Karani mmoja akapita, akamuuliza kama amekuja kumchunga mumewe siku ya mshahara. Akatabasamu kwa adabu, kwa sababu hakukuwa na uso mwingine wa kuvaa.

Ndani alimsikia mumewe akieleza. Alieleza vizuri, bila kujitetea, mambo ya taa za jicho moja na ya nani anaita kwanza. Alipomaliza, mkuu wa zamu alipenga kamasi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Binti yangu. Na shemeji yangu."

"Hao wote watu wa nyumbani."

"Ndiyo, mkuu."

"Sasa nisikilize, Maziwa. Dereva wa akiba yuko mbali. Kufika hapa ni saa nne, akiwahi sana. Treni inaondoka sasa hivi, watu wameshakata tiketi. Ikichelewa, simu zitaanza kupigwa kutoka juu, na wa kuulizwa ni mimi. Msaidizi wako yupo?"

"Yupo."

"Macho yake mazima?"

"Mazima."

"Basi ipeleke hii ya leo. Mmeipeleka mwaka mzima, leo ndiyo itawashinda? Ukirudi tutakaa, tutaandika barua nzuri. Sababu tutaweka presha. Presha haina ubaya, kila mtu anayo. Utatoka na heshima yako na kiinua mgongo chako, na kijana wako tutamwangalia."

Benchini, Fundi aliacha kutabasamu. Jana alidhani ameshaona mwisho wa kushtuka. Alidhani siri ile ni ya nyumba yake, aibu ya kuta zake, na kwamba ikifika ofisini kutakuwa na mtu wa kushika kichwa na kusema lahaula. Kumbe huku ndiko walikokuwa na moyo mgumu zaidi. Na lililomtisha kuliko yote ni kwamba maneno ya mkuu yalikuwa matamu. Presha. Heshima. Kijana tutamwangalia. Kila mtu angepona, safari moja tu. Aligundua kwamba sehemu yake fulani inataka mumewe akubali.

Akainuka akasimama mlangoni. Maziwa hakugeuka, lakini alijua nani amesimama.

Mkuu akaanza kutafuta kalamu, akidhani mambo yamekwisha.

"Siiendeshi," Maziwa alisema.

"Unasemaje?"

"Sioni, mkuu. Siiendeshi."

Mkuu wa zamu akaitupa kalamu mezani. Alitazama saa, akatazama simu zake mbili kama nyoka wawili, kisha akamtazama Maziwa kwa chuki ya mtu aliyeharibiwa asubuhi.

"Vizuri. Basi nenda ukawaambie mwenyewe. Kipaza sauti kimekufa tangu juzi. Nenda kawaambie abiria treni haiendi mpaka saa nne. Mimi sina mdomo wa kutukanwa kwa ajili yako."

Maziwa akatoka na sare yake, mkewe nyuma. Mdogo wake Fundi alitaka kufuata, mkuu akamwita ndani, mlango ukafungwa, na safari hii ukafungika.

Miaka yote Maziwa alikuwa anapanda injini karakanani, na akiingia stesheni macho yake yako mbele, kwenye njia na kwenye saa. Kelele za abiria alizisikia nyuma yake kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani. Sasa alitembea katikati yao. Akasimama penye ngazi ya behewa la pili, akakohoa, akasema kwa sauti kubwa kwamba treni itachelewa mpaka saa nne, anaomba radhi.

Walimvaa.

"Saa nne! Mimi nina mgonjwa hospitali!"

"Kila siku ninyi! Mnalipwa kwa kulala?"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsogelea mpaka karibu.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Sasa tatizo nini? Unaumwa?"

"Naumwa, mama."

"Mbona umesimama?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema hiyo ni homa ya kiti kirefu cha baa, wakacheka zaidi. Fundi alitaka kuwapigia kelele, awaambie mnayemcheka ametoka sasa hivi kukataa kuwaua. Lakini ni huyu huyu aliyewabeba mwaka mzima, jana amewabeba, na juzi.

Maziwa alikuwa amegeuza kichwa, anatazama jukwaa la stesheni toka mwanzo, taratibu, watu na mizigo yao, wanafunzi wameegemeana, bwana mmoja anasinzia juu ya gunia, bibi na mjukuu wanagawana andazi, na nyuma yao wengine, na nyuma yao wengine, mpaka penye behewa la mwisho, na bado walikuwa wanaingia getini.

"Fundi," alisema chini chini. "Hawa wote?"

"Hawa wote nini?"

"Hawa wote ndio huwa wanapanda? Kila siku?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni wengi hivi."

Alikaa juu ya kitu kilichokuwa karibu, tenga la mtu lililofunikwa kanga, na mwenye tenga akaruka juu.

"We mzee vipi! Inuka! Mna mayai humo!"

Maziwa akainuka. Akamwomba radhi. Kisha akamgeukia yule mwenye mtoto mgongoni, akamwomba radhi yeye pia, na mwenye mgonjwa, na yule aliyekuwa anasinzia juu ya gunia, akawa anakwenda hivyo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, sare imempwaya mabegani, mkewe amemshika mkono wa shati. Wengine walimsonya. Wengine walisema haya, yameisha, mzee. Hakuna hata mmoja aliyejua anaombwa radhi ya nini.